UZI: Zege la njia ya gari limepasuka na kutitia, nataka kujua chanzo kabla sijatengeneza (Muyeye, Malindi)

bintimuyeye
Assalam aleikum wana Malindi na majirani wa Watamu, Gede na Mambrui. Naomba msaada wa mawazo hapa. Nyumba ya mama yetu iko Muyeye, tuliinunua ikiwa tayari imemwagwa zege kutoka getini mpaka varandani, kama mita 14 hivi kwa upana wa mita 3. Sasa hilo zege linaharibika kila pahali na kila pahali kivyake. Kuna vinyufa vyembamba vimejichora juu kote, hivyo ni vya kuona tu kidole hakivihisi. Halafu katikati kuna ufa mmoja umekata kutoka ukingo huu mpaka ule na upande wa nyumbani umeshuka, yaani kuna kidaraja cha unene wa kidole gumba. Pembe ya getini imevunjika vipande. Na kuna sehemu karibu na hapo ina madoa ya kutu, zege linabanduka magamba, ukibandua unaona waya ndani.

Fundi wa kwanza aliangalia dakika chache akasema tupige lipu juu yote tumalize. Wa pili akasema vunja zote weka kabro. Bei zao ni mbingu na ardhi. Mama anatembea na fimbo, juzi fimbo ikanasa pale penye ufa akayumba, alhamdulillahi hakuanguka. Kwa hivo mimi sitaki kurembesha, nataka mtu anieleze kwanza kimeharibika KWA NINI, ndo nijue natengeneza nini. Masika yaja na sitaki inikute bado nabahatisha.

mjomba_barani
Pole kwa mama. Vunja weka kabro, yale matofali ya zege ya kupanga, dada, zege huku pwani ni kutupa pesa baharini.

upepo_wa_kusi
Mjomba heshima zako lakini kabro si dawa ya kila kitu. Mimi niko Casuarina nina kabro, hazijaisha hata miaka mingi na tayari tairi zimechimba mifereji miwili, mvua ikinyesha maji yanasimama humo humo mbu wanazaliana. Na kando kabro zinatembea, zinaachana zinaenda kwenye maua. Kama chini hakukutengenezwa hata uweke marumaru itazama tu. Nami nasubiri majibu hapa hapa.

mzee_wa_mwiko
Wa aleikum salaam mwanangu. Mimi nimemwaga zege kuanzia Kilifi mpaka Marereni, sasa magoti hayataki tena lakini macho bado yapo. Umeeleza vizuri sana na hapo ndo pa kuanzia, manake wewe huna tatizo moja, una matatizo manne yaliyokutana kwenye slabu moja, na kila moja lina chanzo chake. Huyo anayetaka kupiga lipu juu yote anatibu wagonjwa wanne kwa dawa moja. Lipu ya inchi nusu juu ya zege lililopasuka haikai, chini kukicheza na juu kunacheza, baada ya mvua za kwanza inabanduka vipande na ule ufa unajitokeza pale pale ulipokuwa.

Vile vinyufa vyembamba vya juu visikunyime usingizi. Hivyo vilitokea siku ile ile zege lilipomwagwa. Mtu akimwaga saa nne asubuhi wakati wa kaskazi, jua kali na upepo mkavu, maji ya juu yanakauka kabla zege halijashika, uso unajikunja unapasuka. Ukichanganya na ile tabia ya vijana kuongeza maji zege liwe jepesi kusukuma, basi ndo kabisa. Ni kovu la uso tu, halizami, gari halilijui. Viache.

Ule ufa uliokata katikati, kwanza hebu niambie, ile slabu ina jointi? Yaani mistari iliyokatwa makusudi? Zege lote hujikunja likikauka, hilo halina mjadala, swali ni litapasuka wapi. Slabu ya unene wa inchi 4 inataka jointi kila mita 2 na nusu mpaka 3 hivi, na mkato uzame robo ya unene. Ukimwaga mita 14 bila jointi umelinyima zege njia yake, litajitafutia lenyewe, na mara nyingi litapasuka katikati halafu tena katikati ya kila nusu. Lakini hilo linaeleza ufa, halielezi KUSHUKA. Ufa wa kukauka huacha pande zote mbili sawa. Upande mmoja ukishuka, udongo wa chini umekwenda pahali, na udongo hauondoki wenyewe, huwa umechukuliwa na maji. Hapo ndo pa kupeleleza kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa simiti.

bintimuyeye
Mzee shukrani sana, wallahi ni mara ya kwanza mtu ananieleza nikaelewa. Jointi hakuna hata moja, slabu ni moja ndefu. Sasa hayo maji nayapelelezaje, mimi si fundi?

mzee_wa_mwiko
Hutaki ufundi, unataka subira tu. Fanya hivi.

Chukua mtarimbo au chuma chochote kizito, gongagonga slabu taratibu ukitembea kutoka getini, kila hatua mahali tofauti. Palipo na udongo chini patalia sauti nzito iliyokufa. Palipo na pengo patalia mvungu, sikio litakwambia. Weka alama ya chaki kila panapolia hivyo, ukimaliza utaona ramani ya pengo lako.

Halafu mita ya maji. Usiku watu wakilala funga mifereji yote na ufunge koki ya kuingiza tangi, soma mita, asubuhi soma tena kabla mtu hajafungua. Namba zikisonga, bomba linavuja ardhini na yawezekana linapita chini ya slabu. Zikikaa pale pale, bomba huna shaka nalo.

Tatu tazama gata za paa, bomba la gata linamwaga wapi? Chukua mpira wa maji umwage pale pale kwa muda kisha ufuate maji yanakokwenda. Na uulize majirani wa zamani kama kulikuwa na shimo la choo au shimo la maji machafu karibu na hapo, watu hufukia bila kujaza vizuri.

Mwisho, chora mstari wa penseli kwenye ncha mbili za ufa uandike tarehe. Ukirefuka utajua bado unatembea.

mtu_wa_amu
Salaam kutoka Amu. Sisi huku mjini njia zetu ni za punda na miguu magari ni ya kuhesabika, lakini nyumbani kwetu Mokowe tuna pakingi na inameguka vile vile. Nauliza mzee, wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa na majumba yamesimama miaka na miaka, kwa nini tusitie chokaa na kokoto za matumbawe kwenye njia ya gari, si rahisi kupatikana?

mzee_wa_mwiko
Swali zuri hilo ndugu yangu. Chokaa ni kitu cha heshima kwa kuta, inapumua na inavumilia kucheza kidogo bila kupasuka, ukitengeneza nyumba ya mawe ya zamani usiipige simiti ngumu utaiharibu. Lakini ukuta unabeba uzito ulionyooka unaotulia. Tairi linasaga, linageuka pale pale, linadunda. Chokaa haina nguvu hiyo. Na kokoto za matumbawe zina vitundu, zinakunywa maji mengi, na zikitoka karibu na bahari zina chumvi ndani yake. Kwa kujazia chini na kushindilia matumbawe yanafaa sana, kwa zege la juu tafuta kokoto ngumu.

bintimuyeye
Nimerudi na majibu. Mita haikusonga hata kidogo, bomba limepona. Mtarimbo sasa, subhanallah. Kutoka getini mpaka kwenye ufa sauti ni nzito, ukivuka tu ufa kuja upande wa nyumba inalia mvungu mpaka karibu na varanda, na imekaa upande mmoja, upande wa kushoto ukiingia. Na upande huo huo ndo bomba la gata linapoishia! Linamwaga kwenye ukingo wa slabu, hakuna hata kimtaro. Nikafungulia mpira pale, nikategemea maji yatatapakaa yaende bustanini, wapi. Yanaingia chini ya slabu, yanameza tu, sikuona yakitokea popote. Ukingoni ukiinama unaona upenyo wa vidole viwili kati ya mchanga na zege na mizizi ya nyasi inaning'inia humo.

Jirani mmoja bi mkubwa wa siku nyingi akaniambia mwenye nyumba wa kwanza alikuwa na shimo la maji ya jikoni pale pembeni ya varanda, likafukiwa kwa takataka na mchanga wakati wa kumwaga zege.

mzee_wa_mwiko
Basi umeshampata. Paa lako linakusanya maji yote ya upande ule linayamwaga sehemu moja. Piga hesabu, paa la mita mraba 60 likipata milimita 50 za mvua, na huku kwetu masika siku moja inaweza kutoa hizo, ni lita 3,000 zinapita tundu moja. Udongo wetu wa Malindi sehemu nyingi ni mchanga mlegevu, haujashikana, ukipitiwa na maji unakwenda nayo. Umekuwa ukihamia kwenye lile shimo la zamani kidogo kidogo kila msimu, slabu ikabaki inaning'inia hewani, gari likapita, ikakatika pale ilipokuwa tayari na ufa. Ndo hiyo ngazi iliyomnasa mama fimbo.

Pembe ya getini ni habari nyingine. Niulize, maji ya boza huwa mnaletewa? Na gari la kunyonya choo hupanda humo?

bintimuyeye
Ndio mzee, mfereji ukikatika tunaita boza la lita 10,000, na hurudi nyuma mpaka ndani ili mpira ufike tangini.

mzee_wa_mwiko
Lita 10,000 ni tani 10 za maji peke yake, bado lori lenyewe. Slabu ya inchi 4 ni ya gari ndogo, Probox, pickup, haikufanyiwa hilo. Na pembe ndo sehemu dhaifu kuliko zote manake imeshikiliwa na pande mbili tu. Tairi la nyuma likikanyaga pembe, linavunja.

Yale madoa ya kutu ni chumvi. Yawezekana mchanga ulitoka pwani au maji yalitoka kisima cha chumvi, na tena BRC, yaani ule wavu wa waya ulio ndani ya zege, imewekwa juu juu mno. Chuma kikishika kutu kinavimba mara mbili au zaidi ya ukubwa wake, zege halina pa kwenda, linabanduka. Ukiziba juu bila kumaliza kutu iliyo ndani itabandua tena na kiraka chako.

jirani_ngala
Naomba niingilie kidogo, mimi tatizo langu ni barabara. Kila wakichonga wanaongeza maramu, sasa barabara iko juu kuliko kiwanja changu na mvua yote ya mtaa inaingia getini inapita juu ya zege mpaka mlangoni. Hapo nafanyaje mzee?

mzee_wa_mwiko
Ya barabarani si mamlaka yako, lakini getini kwako ni kwako. Mwaga tuta dogo la zege kwenye mstari wa geti, la kunyanyuka polepole gari lisigonge chini, na ndani yake tu kata mtaro wa kuvuka upana wote ufunike kwa grili ya chuma inayotoka, utaizoa mchanga mara kwa mara. Mtaro uende kwenye shimo la kunywea maji lililojazwa mawe, mbali na nyumba na mbali na slabu. Na usimwage maji kwa jirani, ugomvi wa maji hauishi.

mjomba_barani
Mzee nimekaa nasoma na nimekubali. Sasa kwa bajeti, dada atahitaji vifaa kiasi gani? Mafundi wanatuambia leta mifuko ishirini na sisi tunaleta.

mzee_wa_mwiko
Bei hubadilika, nitakupa vipimo ukaulize dukani mwenyewe. Kipande cha mita 3 kwa 3 unene wa sentimita 10 ni karibu mita 0.9 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne, utatumia mifuko 6 ya simiti ya kilo 50, mchanga wilibaro 7 hivi, kokoto wilibaro 14. Ongeza kidogo ya kumwagika. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko na mchanga ukiwa umelowa upunguze. Zege liwe zito la kusukumwa na beleshi na kudundwa, likitiririka kama uji ujue nguvu imeshaondoka. Pale getini boza linapoingia fanya 1:1½:3 na unene wa sentimita 15, simiti itapanda.

Mchanga uuonje, wallahi, weka ncha ya ulimi, chumvi utaisikia. Kisha jaza chupa kidogo chini ya nusu, tia maji na chumvi kidogo ya jikoni, tikisa, iache itulie masaa matatu. Lile tope laini litakalokaa juu ya mchanga likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga urudishe lori. Na maji tumia ya mfereji ya Baricho, kisima cha chumvi hapana.

bintimuyeye
Salaam tena, samahani nilipotea, tulikuwa tunavunja. Nimempata fundi kijana msikivu, nikamsomea uzi huu wote akakubali kwenda nao. Tulikata na grainda mstari ulionyooka kwenye ule ufa na mwingine kando ya varanda, tukanyanyua vipande vya upande wa nyumba. Upande wa kulia zege lilitoka na mchanga umegandamana chini yake, lilikuwa limekaa. Upande wa kushoto fundi aliingiza mkono akapotea mpaka kwenye kiwiko. Kulikuwa na handaki kabisa, ukutani mwake unaona mistari ya maji, mchanga umelambwa laini, na linateremka kuelekea pale pale bi mkubwa aliposema. Tukachimba tukakuta chupa, kifuu cha nazi, mabati yameoza na nailoni zimejaa maji.

Mama akaletewa kiti akaangalia, akasema hilo pengo lilikuwa chini ya miguu yake kila jioni.

Sasa mzee nijaze na nini na kwa mpango gani, manake fundi anataka kujaza mchanga ule ule na kumwagia maji ushuke.

mzee_wa_mwiko
Mwambie astahamili. Mchanga ule ule ndo uliokimbia, utakimbia tena. Takataka zote zitoke mpaka mfike udongo wa asili, hata kama ni mita moja na nusu. Chini kabisa jaza hadikoo, mawe makubwa ya matumbawe yaliyopangwa si kutupwa, mapengo myajaze mawe madogo. Juu yake maramu, kwa tabaka za sentimita 10 mpaka 15, kila tabaka lilowe kidogo tu la kufinyangika mkononi, halafu lidundwe na kompakta, ile ya kukodi kwa siku. Msijaze nusu mita kwa mara moja mkadunda juu, mashine haifiki chini, mtakuwa mmedunda ngozi tu. Mkimaliza tembeza mtarimbo, ukiuangusha unadunda kurudi ni sawa, ukizama ongezeni kazi.

Kabla hamjamwaga chochote hamisheni ile gata. Bomba liendelee ardhini ndani ya PVC mpaka shimo la kunywea maji lililo mbali, au likusanye kwenye tangi, maji ya paa ni neema huku kwetu. Hii ni kazi ya kwanza kwa umuhimu kuliko zege lenyewe, fundi akikwambia tutaifanya baadaye mkatalie.

Kisha nailoni nzito juu ya maramu ili chini kusinywe maji ya zege na unyevu wa chumvi usipande. Kando ya varanda wekeni ubao laini au thamofomu ya kama sentimita 1, slabu isishikane na nyumba, kila mmoja acheze kivyake. Mteremko utoke nyumbani kwenda nje, sentimita 2 kwa kila mita, pimeni na pimamaji na kamba, macho yanadanganya.

Habari ya BRC. Wengi hamtaki kusikia lakini nasema. Kwenye slabu ya chini ya gari ndogo BRC haibebi gari, kinachobeba gari ni udongo ulioshindiliwa. Kazi ya waya ni kushika nyufa zisifunguke. Ukiwa na chini imara na jointi kila mita 2 na nusu unaweza kumwaga bila chuma kabisa, na pasipo chuma hakuna kutu. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari mimi ningefanya hivyo. Pale getini kwenye boza weka BRC, lakini ikae juu ya biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuinulia waya, isipungue sentimita 5 kutoka uso wa juu, na asije mtu akailaza chini akasema ataivuta na kulabu zege likishamwagwa, haivutiki hiyo, wanaikanyaga tu.

Mwageni alasiri, jua limepoa. Jointi mkate siku ile ile zege likiwa bichi na chuma cha kuchorea, au kesho yake asubuhi na grainda, msingoje wiki. Likishashika lifunikeni magunia, mlimwagilie asubuhi, mchana na jioni siku 7 kamili, magunia yasikauke hata mara moja. Gari ndogo baada ya hizo siku 7, boza lisubiri siku 28.

bintimuyeye
Nimeandika yote kwenye karatasi. Na ile sehemu ya kutu je, yote ivunjwe? Iko kwenye kipande cha getini lakini si yote.

mzee_wa_mwiko
Kama kipande cha getini mnakimwaga upya kwa ajili ya boza, kutu itaondoka nacho, usijisumbue. Wasomaji wengine wenye doa moja tu: kateni kwa tindo mpaka waya uonekane wote, mpaka nyuma yake kama sentimita 2, mfuate kutu mpaka mfike chuma safi. Msugue na brashi ya waya, mpake rangi ya kuzuia kutu, ukingo wa kiraka uwe umekatwa wima. Ukingo mwembamba unaokwisha kama karatasi humeguka siku za kwanza tu. Lowesha zege la zamani lakini maji yasisimame, paka simiti ya majimaji, kisha shindilia mota ya 1:3, simiti moja kwa mchanga tatu, kabla ile ya chini haijakauka.

Na ufa ambao pande zote ziko sawa lakini unafunguka na kufunga kwa joto, msiuzibe kwa simiti. Simiti ni ngumu, itapasuka kando yake. Uusafishe, uutie silanti ya poliyurethane inayovutika. Asiye na uwezo hata lami ya moto na mchanga mkavu itamsaidia misimu kadhaa.

upepo_wa_kusi
Na sisi wa kabro mzee usitusahau.

mzee_wa_mwiko
Sijakusahau. Uzuri wa kabro ni kwamba hutupi kitu. Ng'oa zile za kwenye mifereji na safu mbili tatu kila upande, zipange kando kwa mpangilio wake. Utakuta ama mchanga mtupu mnene chini yake, au maramu iliyomwagwa bila kudundwa. Watu hurekebisha bonde kwa kuongeza mchanga, hilo ndo kosa, mchanga wa kulalia uwe sentimita 3 mpaka 5 tu, bonde lirekebishwe kwa maramu au vumbi la kwari lililodundwa, sentimita 15 ya kushiba. Kisha panga zile zile, piga kompakta, fagilia mchanga mkavu mwembamba uingie kwenye mianya, piga tena, fagilia tena. Mianya isiyojaa ndo inafanya kabro zicheze, na mchwa na sungusungu wakiutoa mchanga uwe unarudisha kila baada ya mvua.

Kutembea kwa kando ni kwa sababu huna kabu. Kabro zinabanana zenyewe kwa zenyewe, pasipo ukingo wa zege wa kuzizuia zinaachana. Na uangalie unene, za milimita 60 ni za gari ndogo, lori linataka 80.

mama_wa_gede
Mimi mwarobaini umeniinulia kabro zote karibu na geti, mti nauonea huruma umetupa kivuli miaka yote. Mume wangu ataka kukata mizizi.

mzee_wa_mwiko
Mwambie asikate ile mikubwa iliyo karibu na shina, ndo iliyoushika mti. Ukikatwa upande mmoja, upepo wa kusi ukija waweza kuangukia ukuta au mtu. Ng'oeni kabro za hapo, mlegeze njia ipande juu ya mzizi kwa mteremko mpole, muuachie mti duara la udongo usiofunikwa ili upate maji hapo usiyatafute chini ya kabro. Vimizizi vyembamba vya mbali na shina vinakatika bila madhara. Mti wa mkungu nao una tabia hiyo hiyo, wenye kupanda sasa upandeni mbali na njia.

bintimuyeye
Tumemaliza kumwaga, gata imehamia kwenye PVC mpaka shimo la mawe kule nyuma ya mgomba. Mvua ilinyesha usiku magunia yakiwa bado juu, nilitoka na tochi kuangalia, maji yote yalielekea nje, ukingoni hayakuingia tena chini ya slabu. Mzee Mungu akuzidishie afya. Boza nimeliambia lisimame barabarani lije na mpira mrefu mpaka siku 28 ziishe.

wa_mayungu
Hongera dada. Mzee kabla hujaondoka, mimi bado sijamwaga, ndo nachimba. Kiwanja changu Mayungu nusu ni mwamba wa matumbawe uko juu juu, sururu inadunda, nusu ya pili ni mchanga chimba utakavyo. Fundi ataka kumwaga slabu moja kupita zote.

mzee_wa_mwiko
Usikubali. Mwamba hautitii, mchanga utatitia, na slabu itakatika pale pale vinapokutana, hata iwe nene vipi. Kwanza pita na mtarimbo kila nusu mita uweke vigingi panapoishia mwamba, mwamba wa huku una mapango na vitundu, ukikuta tundu lisafishe ulijaze mawe na zege dhaifu. Kisha uchonge mwamba ushuke sentimita 10 hivi uweke tabaka la maramu juu yake, ili slabu yote ilalie kitu cha aina moja, na upande wa mchanga uushindilie tabaka kwa tabaka kama nilivyomwambia binti. Mwisho jointi moja iangukie juu ya mstari wa vigingi vyako, na hiyo iwe jointi kamili ya kukata unene wote, si ya kuchora juu tu. Vigingi uvipige picha na futi ikiwa imelazwa kutoka kwenye ukuta wa geti, manake maramu ikishamwagwa hutauona tena mstari.